Neno Ambalo Fentahun Hakulifikisha

Jeshini, huko Israeli, walimwita Natani. Ndilo jina aliloandikiwa na karani siku aliposhuka kwenye ndege, ana miaka kumi, miguu mitupu na blanketi mabegani. Nyumbani aliitwa Fentahun, na nyumbani ndiko alikokuwa hataki kwenda. Wenzake wakipewa ruhusa ya mwisho wa wiki walisukumana kuwahi basi la kwanza. Yeye alikuwa anazunguka kwenye mahema akiuliza nani anataka kubadilishana zamu.

Katika wiki sita za mafunzo alikuwa amelinda lango mara mbili ya kila mtu, ameosha masufuria ya watu waliosingizia kuumwa tumbo, na wakati mmoja alikuwa amebeba mgongoni, kilomita nane, mashine ya redio ambayo haikuwa zamu yake. Hakunung'unika. Sajini alimsifu mbele ya kikosi, naye akatazama chini kama aliyetukanwa.

Rafiki yake alikuwa Slava, mhamiaji pia, aliyetoka Tashkenti miaka mitatu kabla, kijana mweupe kama unga na mwenye mdomo usiofungika. Asubuhi moja, wakiwa wamekaa mchangani wanasafisha bunduki, Slava akamkazia macho.

"Hebu nieleze, Natani. Wewe ni malaika, au umeua mtu?"

Kikosi kizima kiliangua kicheko. Fentahun naye akacheka, kisha akainama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

"Nakuuliza wewe, bwana. Mtu mzima hawezi kupenda masufuria namna hii."

"Napenda kukaa mbali na mdomo wako," Fentahun akajibu, na wakacheka tena. Lakini kitambaa cha kusafishia kikamponyoka.

Mambo yenyewe yalianza Sudani.

Kijiji chao cha Wayahudi kilikuwa ng'ambo ya mpaka, milimani, kaskazini ya Gondar. Baba yake, Takele, alikuwa mhunzi, na dada yake Takele, Zenash, alikuwa mfinyanzi. Kaka na dada hao walifuatana tumbo moja na walipendana mpaka majirani wakawatania. Takele alipooa, alijenga kwa dada yake ukuta kwa ukuta. Mkewe alipougua homa kali baada ya kujifungua Fentahun, ni Zenash aliyemchukua mtoto, akamnyonyesha wiki sita pamoja na mwanawe mwenyewe, Baye, aliyezaliwa mwezi uleule. Kwa hiyo Zenash alikuwa shangazi yake Fentahun, na alikuwa pia mama yake wa maziwa. Baye alikuwa binamu, lakini hakuna aliyelitumia neno hilo. Walilala ngozi moja, wakachapwa fimbo moja.

Mwaka ule wa njaa, wa 1984, kijiji kizima kiliamka kikaenda. Wazee walisema njia ya Yerusalemu imefunguka kupitia Sudani. Walitembea wiki nne, wakijificha mchana. Bibi, mama yao Takele na Zenash, hakufika. Alikaa chini ya jiwe siku ya kumi na tisa, akaomba maji, akafa kabla hayajaletwa.

Hapo ndipo kaka na dada walipogombana. Zenash alitaka wakae matanga siku saba kama ilivyo dini. Mwongoza njia alisema hangoji hata saa moja.

"Siku saba, Takele!" Zenash alilia. "Mama yetu si punda!"

"Tukikaa siku saba tutazikana wote. Nyanyua mtoto wako, twende."

"Huna moyo wewe. Umeuacha kwenye fuawe yako."

Takele alimzika mama yake kwa jembe la kuazima, akasoma sala aliyoijua, akatangulia. Tangu siku ile Zenash alitembea nyuma kabisa, kichanga chake Mulu mgongoni, Baye mkononi. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Walipofika kambi ya wakimbizi, upande wa Gedaref, hakujenga kibanda karibu na kaka yake. Alikwenda kwa mashemeji zake, ng'ambo ya pili ya kambi.

Kambini watu walikufa kila siku. Ilibidi pia wafiche kuwa ni Wayahudi, hata moto wa kupikia waliwasha siku ya Sabato ili majirani wasiwatambue, huku akina mama wakilia kwa aibu. Kulikuwa na mtu wao mmoja, Asmamaw, aliyekuwa na orodha ya watakaosafirishwa kwa siri. Usiku fulani, watu wa ukurasa fulani walitoweka, na asubuhi hakuna aliyeuliza.

Zamu yao ilikuja mchana wa siku ya Jumanne. Asmamaw aliinama mlangoni kwao kama anayeomba moto. "Leo. Jua likizama, kuna basi kwenye mto mkavu. Wewe, mkeo, watoto, na dada yako na wanawe. Nimewaandika pamoja."

Takele alikuwa amelala, homa imemkaba, hawezi kusimama bila kushikwa. Mkewe alikuwa na mtoto anayeharisha. Na mtu mzima akionekana anazungukazunguka kambini siku ya safari, askari wangeshuku. Takele akamwita mwanawe wa kwanza.

"Nenda kwa shangazi yako. Usikimbie, nenda kama mtoto anayecheza. Mwambie neno moja: leo kuna harusi. Atajua. Halafu umwambie jua likizama, mto mkavu. Rudia."

"Leo kuna harusi. Jua likizama, mto mkavu."

"Na umwambie..." Takele akapangusa jasho. "Umwambie kaka yako anasema njoo. Basi. Kimbia. Yaani, usikimbie."

Fentahun akaenda. Katikati ya kambi, kwenye uwanja wa mahema meupe, watu wa misaada walikuwa wanagawa biskuti. Tangu jana yake alikuwa hajatia kitu tumboni ila uji wa maji. Foleni ya watoto haikuonekana ndefu. Akajiambia atachukua upesi, kisha ataenda. Jua bado liko juu.

Foleni ilikuwa ndefu. Askari waliwarudisha watoto nyuma mara mbili kwa fimbo, wakawapanga upya. Alipokuwa amebakiza watoto kama kumi mbele yake, alisikia sauti nyuma.

"Fentahun! We Fentahun! Nishikie nafasi!"

Alikuwa Baye. Hakuhitaji kugeuka ili ajue. Kama angegeuka, Baye angekuja mbio kusimama naye, watoto wa nyuma wangepiga kelele, na askari angewatoa wote wawili. Au Baye angekuja na wangepewa pakiti moja wagawane. Aliyawaza yote hayo kwa kasi ambayo mtoto wa miaka kumi hapaswi kuwa nayo. Na neno la harusi lilikuwa palepale kwenye ulimi wake. Angeweza kulirusha juu ya vichwa vya watoto, likafika.

Hakugeuka. Aliingiza shingo mabegani, akawa mdogo.

"Fentahun! Ni mimi!"

Alipewa pakiti yake. Watoto wachache baada yake, biskuti zikaisha na meza ikakunjwa. Alikimbilia nyuma ya vyoo, akachuchumaa, akala zote. Hakubakiza ya mdogo wake. Alilamba karatasi. Aliponyanyua macho, jua lilikuwa limekaa juu ya paa za vibanda, jekundu, na hofu ikampanda kutoka miguuni: basi litaniacha. Kwa shangazi kulikuwa bado mbali. Aligeuka akakimbilia kwao.

Mama yake alikuwa amekwisha funga kitambaa cha mtoto. "Umechelewa wapi?" Baba yake alikuwa amekaa kitako, uso unang'aa jasho.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Hakuwa ameliwazia hilo. "Akasema... amesikia."

"Amesikia tu?"

"Ndiyo, baba. Amesikia tu."

Kwenye mto mkavu walingoja. Basi lilikuwa limezima taa. Takele, ambaye hakuweza kusimama, alisimama. Alishika mlango wa basi kwa mikono miwili na akamwomba Asmamaw dakika moja, na nyingine, na nyingine. Fentahun alikuwa nyuma yake, ameshika nguo yake. Alikuwa na nafasi. Hilo alilijua hata baadaye, miaka yote: dakika zile zilikuwa zake, na mdomo ulikuwa wake. Lakini mdomo ulikuwa unanuka biskuti, naye akaufumba.

"Haji," alisema Takele mwishoni. "Bado ana hasira na mimi. Kwa ajili ya mama."

Wakapanda.

Habari zilifika Israeli baada ya mwaka na zaidi, kwa mdomo wa jamaa aliyepitia njia nyingine. Zenash aliachwa kambini. Safari zilikatika wiki chache baada ya lile basi. Surua ikaingia, na Baye akafa nayo. Zenash alimfunga Mulu mgongoni akarudi kwa miguu Gondar.

Wakati huo familia ilikuwa inakaa kwenye jengo la wahamiaji, katika mji mmoja wa kusini, ghorofa ya tatu, na Takele alikuwa anafagia kiwandani. Alikaa matanga ya mpwa wake siku saba sakafuni, nguo imechanwa. Siku ya saba alisimama, akasema mbele ya watu wote: "Kiburi cha dada yangu kimemuua mtoto. Niliita. Hakuja." Fentahun alikuwa jikoni, ameshika birika la kahawa. Alikaa nalo mkononi mpaka likapoa.

Baada ya hapo kila mwaka uliopita uliufanya uongo ule uwe mzito kuutoa. Shuleni, kwenye bweni la wavulana, alikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Alitoa chakula chake. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba ana moyo wa dhahabu, na mama yake aliibandika ripoti ukutani, na yeye alikuwa akipita pale anaangalia upande mwingine.

Mwaka wa 1991, mwezi wa tano, Addis ilipokuwa inaanguka, ndege zilileta watu maelfu kwa siku mbili. Zenash alikuwemo, na Mulu, sasa wa miaka saba. Takele hakwenda kuwapokea kwenye hoteli walikofikishwa. Alienda mke wake, na Fentahun akaburutwa kama anayepelekwa kwa daktari wa meno.

Shangazi alikuwa amekonda, nywele zimejaa mvi. Alimshika Fentahun usoni kwa mikono ile migumu ya mfinyanzi, akamnusa shingoni kama walivyokuwa wakinuswa watoto.

"Mwanangu wa maziwa," akasema. "Baye angekuwa na kimo hiki."

Halafu akamgeukia mama yake Fentahun. "Wifi, mwambie mume wako sina ugomvi naye tena. Lakini sisahau. Niliamka asubuhi, nikaenda kwenu na kikapu cha kunde nilizopata, nikasema leo nitapatana na kaka yangu. Nikakuta kibanda kitupu. Hata mtoto hakutumwa kuniambia. Alinilipa kwa ajili ya maneno yale ya njiani."

"Zenash, alitumwa..." mama akaanza, kisha akamtazama Fentahun. "Si ulitumwa wewe?"

"Watoto wa kambi nzima walikuja kwangu siku ile," Zenash akasema, akitikisa kichwa, "isipokuwa huyu. Takele amekudanganya, wifi. Usimtie mtoto katika uongo wa mume wako."

Na Fentahun, mwenye miaka kumi na sita na ndevu zinazoanza, alitazama sakafu ya hoteli, hakusema kitu. Mama yake naye hakuuliza tena. Huenda aliogopa jibu.

Takele alipoletewa maneno hayo alitema mate chini. Kwa miaka miwili kaka na dada walikaa mji mmoja, mitaa miwili kati yao, wakikutana kwenye misiba bila kusalimiana. Watu walisema ni ukaidi wa ukoo wao, ukoo wa Worku.

Kwa hiyo Fentahun alipoitwa jeshini alifurahi, na aliomba kikosi cha miguu, kile kinachosifika kwa kuwakamua vijana. Alidhani mwili ukichoka sana, kichwa kitanyamaza. Hakikunyamaza. Sasa Slava naye alikuwa amemuuliza lile swali lake mbele ya watu.

Sherehe ya kiapo ilifanyika Alhamisi, uwanja wa kambi, jua la asubuhi likiwa zuri. Familia zilikuja na mabasi na vyungu. Baba yake alikuja na koti la harusi, na wazee watatu wa ukoo, na mama yake na mikate yao ya injera iliyofungwa kwa kitambaa. Wakatandika mkeka chini ya turubai la kulia. Dakika kumi baadaye akaja Zenash, kanga nyeupe kichwani, Mulu kambebea chupa ya kahawa. Akaangalia turubai la kulia, akatandika mkeka wake chini ya la kushoto.

Vijana walipangwa mstari. Jina linaitwa, mtu anapiga hatua, anapewa bunduki mkono huu na kitabu kitakatifu mkono ule, anapaza sauti: "Ninaapa!"

"Natani Worku!"

Akapiga hatua. Kulia alisikia vigelegele vya mama yake, na kushoto vya shangazi yake, virefu, vya kijijini, visivyo na haya. Wanawake wawili walikuwa wanashangilia mtu mmoja na kila mmoja akijifanya hamsikii mwenzake. Fentahun alifungua mdomo. Neno halikutoka.

"Natani!" afisa akanong'ona. "Umelala?"

"Ninaapa," akasema.

Walipoachiwa kula, Slava alimkuta amesimama katikati ya uwanja, kama kigingi.

"Bwana, una meza mbili za chakula na mimi sina hata moja. Chagua moja, mimi nichukue nyingine."

"Slava, ulikuwa umekisia sawa," Fentahun akasema.

"Nimekisia nini?"

Fentahun alikwenda kushoto. Zenash alikuwa ameshamega mkate, anamngoja na tonge mkononi, la kumlisha kwa heshima. Fentahun akapiga magoti na bunduki yake mgongoni.

"Shangazi, usinilishe."

"Nini tena? Unaumwa? Fungua mdomo."

"Baba alinituma. Siku ile, Sudani. Alisema nikwambie leo kuna harusi. Alisema nikwambie kaka yako anasema njoo. Sikuja kwako. Nilipanga foleni ya biskuti, nikala, jua likazama, nikarudi nikamwambia umesikia. Nilidanganya. Yeye alikungoja. Alikuwa na homa, akasimama, akashika mlango wa basi."

Alisema yote kwa pumzi moja, kama anayetapika. Mulu aliacha kumimina kahawa.

Tonge lilibaki mkononi mwa Zenash muda mrefu. Kisha akaliweka chini, juu ya kitambaa, taratibu. Akasimama. Akamshika Fentahun sikio, askari mzima mwenye bunduki, akamvuka naye uwanja mbele ya maafisa na familia za watu, mpaka kwenye mkeka wa kulia.

"Takele," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa kaka yake kwa miaka tisa. "Mwanao ana neno. Rudia."

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana baba yake alikuwa akimtazama. Wazee watatu waliacha kutafuna. Alipomaliza, Takele alikuwa amevua kofia, anaigeuzageuza kama mtu anayetafuta kitu ndani yake.

"Nilikungoja," akamwambia dada yake.

"Sikujua."

"Nilimwambia Asmamaw, ngoja kidogo. Nilimwambia mara tatu."

"Mimi nilikuja asubuhi na kunde," Zenash akasema. "Nilikuwa nimekuja kupatana."

Takele akajaribu kuinuka, goti likamgomea, na dada yake akainama kumshika, na hapo wote wawili wakaangukiana mkekani wakalia kwa sauti, wakimlilia Baye, na mama yao aliyezikwa haraka. Watu wa mikeka mingine waligeuka. Slava alivua kofia bila kujua kwa nini.

Fentahun alisimama pale. Alifikiri atahisi wepesi. Baba yake alinyanyua uso uliolowa, akamwambia kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomkata maini:

"Ondoka mbele yangu."

Mwisho wa wiki ule alilala kwa mama yake Slava, aliyekosa kuja kwenye kiapo kwa sababu ya kazi, ambaye alimpa supu na hakumuuliza chochote.

Kitu kimoja alikuwa hajakisema. Alikuwa ameungama biskuti, ameungama uongo. Sauti iliyomwita kwenye foleni aliiacha nje. Alijiambia haina tofauti, mtoto amekufa vilevile. Lakini alipopelekwa kaskazini, kwenye vilima vya baridi, sauti ile ilimfuata hadi kwenye kibanda cha ulinzi.

Mwezi wa nne hivi, Ijumaa mchana, askari wa lango alimpigia simu. "Natani, kuna mama hapa na kikapu. Nimemwambia hairuhusiwi, ameniambia mimi ni mdogo kuliko viatu vyangu. Njoo umchukue."

Alikuwa Zenash. Alikuwa amepanda mabasi manne. Alikaa juu ya jiwe la saruji nje ya lango, kikapu magotini, na hakumnusa shingoni.

"Kaa," akasema. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ukinidanganya nitajua."

Akakaa.

"Siku ile Baye alirudi nyumbani analia. Hakupata biskuti. Akaniambia, mama, nimemwona Fentahun mbele, nimemwita nishikie nafasi, amekataa kugeuka. Nikamwambia si yeye. Fentahun hawezi kukufanyia hivyo, mmenyonya pamoja. Akashikilia, ni yeye, ni yeye. Nikamchapa, Fentahun. Nilimchapa kwa kusema uongo juu ya ndugu yake. Alikuwa amebakiza wiki tatu za kuishi, sikujua." Akakishika kikapu kwa mikono miwili. "Ni wewe?"

Gari la jeshi lilipita, vumbi likawafunika. Angeweza kusema sikumsikia. Palikuwa na kelele nyingi kwenye foleni ile. Angeweza kabisa.

"Ni mimi," akasema. "Nilimsikia. Aliniita mara mbili. Sikugeuka kwa sababu sikutaka kugawana naye."

Zenash alifunga macho.

"Basi Baye hakusema uongo."

"Hakusema uongo, shangazi."

"Alikuwa mkweli mwanangu."

"Alikuwa mkweli."

Akalia hapo kwenye jiwe, bila sauti, akijipigapiga goti kwa ngumi. Fentahun hakuthubutu kumgusa. Askari wa lango aligeuza uso. Alipomaliza, shangazi alijifuta kwa ncha ya kanga, akafungua kikapu, akatoa mkate wa Sabato.

"Sikuja kukusamehe. Usidhani. Labda nitaweza, labda sitaweza, sijui, Mungu ndiye anajua. Lakini kuanzia sasa ukipewa ruhusa, unakuja kwangu. Hapana hayo ya kubadilishana zamu. Mama yako ameniambia. Utakuja, utakaa, utanisimulia Baye. Wewe ndiye uliyelala naye ngozi moja. Mimi nimeanza kusahau alivyokuwa anacheka."

Fentahun akaenda. Kila Ijumaa ya ruhusa, kwa miaka miwili na ushee iliyobaki, alipanda mabasi manne na akakaa jikoni kwa Zenash. Mwanzoni hakuwa na la kusema. Halafu akakumbuka jinsi Baye alivyoanguka kwenye shimo la udongo wa mama yake, akatoka mwekundu kuanzia nywele. Mulu, ambaye hakumkumbuka kaka yake hata kidogo, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama Fentahun kwa macho makavu. "Nawe ulimnyima," akasema, akaondoka jikoni. Mara nyingine alikaa hadi mwisho, mara nyingine aliondoka. Fentahun hakuwahi kumzuia.

Kuhusu baba yake, ilichukua muda zaidi. Takele na dada yake walikuwa sasa wanakunywa kahawa pamoja kila jioni, wakibishana na kutaniana kama zamani, na mtaa mzima ulifurahi. Mwanawe akiingia, Takele alinyamaza. Hakumfukuza. Alisogea tu kwenye kochi, akampa nafasi kama anavyompa mgeni asiyemjua.

Siku Fentahun aliporudisha sare na bunduki na kutoka jeshini moja kwa moja, alimkuta baba yake kibarazani anatengeneza bawaba ya mlango. Zana zilikuwa zimetawanyika sakafuni. Alisimama pembeni, mfuko begani, hajui aingie au apite.

"Shika hapa," Takele akasema bila kunyanyua macho.

Fentahun akaweka mfuko chini, akaushika mlango. Baba yake alipiga msumari mara tatu, akasimama, akautazama.

"Ningekupa biskuti zangu," akasema. "Kama ningekuwa nazo. Sikuwa na kitu cha kukupa. Hilo nalo nimelifikiria."

"Baba, haikuwa..."

"Shika vizuri, unautikisa."

Akashika vizuri. Mkono ulianza kumuuma, lakini mlango hakuuachia.